Daraja dogo la reli juu ya njia ya kijijini kwetu Muheza: nani alilijenga, na ni la lini hasa?

Mtoto wa Relini (mleta uzi)

Wakuu, habari za wikiendi.

Kijijini kwetu, mbele kidogo ya Muheza ukielekea Korogwe, kuna njia ya vumbi inayotoka barabara kubwa kwenda mashambani. Ukitembea kama dakika kumi unakutana na tuta la reli limekukingama mbele, na katikati ya tuta pana uwazi. Hapo ndipo darajani. Kuta mbili za mawe, maboriti mawili ya chuma, mataruma ya kulalia reli juu yake, basi. Injini peke yake ni ndefu kuliko daraja zima. Ukisimama chini na kuangalia juu unaliona anga katikati ya mataruma, kwa hiyo hata mvua halikukingi.

Halina jina, na halijawahi kuhitaji. Ukisema "nimemkuta darajani" hakuna anayeuliza daraja lipi. Nimepita chini yake kwenda shule miaka saba. Wazee walitukataza kabisa kusimama pale treni inapopita, na sisi tulidhani ni mambo ya mashetani. Nilipokua ndipo nikaelewa kwamba vyoo vya mabehewa vilikuwa vinamwaga moja kwa moja njiani.

Mwezi uliopita Fuso lililosheheni machungwa liligonga boriti ya upande wa mashambani. Dereva yuko salama, ila machungwa yalijaa mtaroni. Tangu siku hiyo kuna fununu kwamba daraja litavunjwa na badala yake litawekwa kalvati la zege. Sijui kama ni kweli. Ila imenishtua, kwa sababu nimegundua kwamba kila mtu pale anasema "la Mjerumani" na habari inaishia hapo. Hakuna mtu aliyeandika hata mstari mmoja.

Nianze na ninachokijua. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, na kampuni iliyopewa kazi ilikuwa imeundwa 1891. Ilifika Muheza Aprili 1896, yaani takriban kilomita 40 kwa miaka mitatu. Hapo fedha zikakata. Mwaka 1899 serikali ya kikoloni ya Kijerumani ikaichukua, ikasukuma mbele hadi Korogwe mwaka 1902, Mombo 1905, na Moshi ikafikiwa 1911. Daraja letu liko ng'ambo ya Muheza. Kwa hesabu hiyo haliwezi kuwa la kabla ya 1896, wala haliwezi kuwa la baada ya 1902, kwa sababu treni isingefika Korogwe bila kupita juu yake.

Naomba wenye kujua mnisaidie. Je, hicho chuma tunachokiona leo ndicho kilichowekwa wakati ule?

Chungwa Tamu

Mkuu umenirudisha mbali. Nalijua hilo daraja, mama yangu alikuwa akipita pale na tenga kichwani kwenda kuuza stesheni enzi hizo treni ya abiria inasimama Muheza. Watu walinunua machungwa madirishani, treni ikianza kuondoka ndiyo bei inashuka.

Ila mimi nilisikia limejengwa na Mwingereza. Babu yangu alisema aliwaona Wazungu na Wahindi wakilifanyia kazi, na babu hakuwa mtu wa kuongea ovyo. Mjerumani kaondoka babu hajazaliwa.

Mpima Njia

Ndugu zangu, mnaweza kuwa sahihi wote wawili. Nimefanya kazi ya madaraja ya barabara miaka mingi, ya reli kidogo, lakini kanuni ni zilezile: daraja halina umri mmoja. Kuta zina umri wake, chuma kina wake, reli ina wake.

Mtoa mada, ukirudi kijijini usianze kuangalia juu, anza na kuta. Chungulia maungio ya mawe. Mafundi wa wakati ule walitumia sana chokaa. Chokaa ya zamani ukiikwangua kwa ufunguo inatoka unga mweupe, wakati saruji inakukatalia. Angalia pia kama kuta zina mabawa, yale yanayofunguka kando kuzuia udongo wa tuta usimwagike njiani, na matundu madogo ya kutolea maji. Kuta zikiwa hivyo, na mawe yamechongwa kwa mkono, hao ni wajenzi wa mwanzo.

Kisha panda uone pale boriti inapokalia ukuta. Huwa kuna jiwe kubwa au zege lililotengenezwa kubeba uzito. Kama daraja limewahi kubadilishiwa chuma, mara nyingi makalio ya zamani yanaonekana pembeni, yamezibwa kwa saruji, na boriti mpya imehamia nafasi nyingine. Hiyo ndiyo hati yako.

Maboriti nayo yasome. Kama yameungwa kwa ribiti, vile vichwa vya mviringo vilivyopangana kama vifungo, ni kazi ya zamani, kabla kuchomelea hakujaenea. Lakini ribiti peke yake haikuambii Mjerumani au Mwingereza, wote walizitumia. Halafu ubavuni mwa reli yenyewe kuna herufi zilizoinuka, jina la kiwanda na mwaka. Watu wengi wanausoma mwaka ule wanasema "daraja ni la mwaka huu". Hapana. Huo ni umri wa kipande kile cha reli, na reli huhamishwa. Reli iliyochakaa njia kuu hupelekwa kwenye michepuko, na ya michepuko huokoa jahazi mahali pengine.

Bint Pongwe

Asante mleta uzi, huu ndio uzi wa kusoma na chai.

Nina swali ambalo kila mara linarukwa. Tunasema "Mjerumani alijenga". Mjerumani alichora na kusimamia. Mawe yale nani aliyabeba? Kwetu Pongwe, ambako reli ilifika 1894, wazee wanasimulia kwamba watu walilazimishwa kwa kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi. Mtu akikutwa hana kipande kilichojaa siku, anapelekwa kwenye kazi.

Mpima Njia

Dada Bint Pongwe, swali lako ni zito na lina haki ya kujibiwa vizuri. Niweke sawa tarehe tu. Kipande cha Usambara, kile cha siku 30 za kazi ndani ya miezi minne, kilianza 1907. Wakati huo treni ilikuwa imeshafika Mombo. Kwa hiyo kuta za Pongwe na za huku Muheza zilijengwa kabla yake. Kipande kiliwabana watu zaidi kwa ajili ya mashamba ya walowezi.

Ila usidhani ndiyo hapakuwa na shinikizo. Kodi ya kibanda ilianza 1898, na ilitozwa kwa namna ya kumfanya mtu atoke shambani kwake akatafute rupia. Aliyeshindwa kulipa alitakiwa kuilipa kwa jasho. Angalia miaka: kipande cha njia kutoka Muheza hadi Korogwe kimejengwa katikati ya miaka hiyohiyo. Na wengine walitoka mbali, Unyamwezi na Usukuma, wakaja pwani kufanya kazi kwa miezi kadhaa. Wapo waliobaki. Ndiyo maana mpaka leo Muheza na Korogwe utakuta koo ambazo asili yao ni bara kabisa.

Bint Pongwe

Nimekupata, na nashukuru kwa masahihisho. Nitamuuliza shangazi upya. Inawezekana wazee walichanganya kipande cha reli na kile cha mkonge, maana kwa aliyekibeba mgongo ulikuwa uleule.

Genge la Nne

Wanangu, hamjambo. Mimi ni mstaafu wa reli. Niliajiriwa wakati bado tunaitwa Afrika Mashariki, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977, na nimefanya kazi kwenye genge la njia katika kipande hichohicho cha Muheza. Mjukuu wangu ndiye ananiandikia, nami nasema.

Hilo daraja nimelipaka rangi kwa mikono yangu. Nyinyi mnapita chini, sisi tulikuwa tunalala tukilifikiria. Kila genge lilikuwa na kipande chake, enzi hizo tukihesabu kwa maili, na kila asubuhi mtu mmoja anatembea njia yote na nyundo na spana, anakaza kilicholegea, anaangalia kama tuta limekatika. Kwenye daraja kazi ni nyingine. Unaweka kidole upande mmoja wa kichwa cha ribiti, unagonga upande wa pili kwa nyundo ndogo. Ribiti nzima imetulia, haikwambii kitu. Iliyolegea inatetemeka kwenye kidole, unaisikia kabla hujaiona. Unaiwekea alama ya chaki, nyapara anaandika.

Baada ya masika tulizibua yale matundu ya maji ukutani kwa nondo. Hapo ndipo watu hawaelewi. Daraja dogo kama lile haliuawi na treni, linauawa na maji yaliyojaa nyuma ya ukuta. Udongo ukilowa unausukuma ukuta kuelekea njiani, na mawe yakianza kutoa tumbo, hakuna boriti itakayokusaidia.

Kuhusu chuma, mimi nilivyokuta ni hichohicho kilichopo leo. Lakini wazee walionifundisha kazi walituambia chuma cha mwanzo kilitolewa wakati wa Mwingereza, kwa sababu injini zilikuwa zimekuwa nzito. Mataruma ya chuma ndiyo ya tangu zamani kabisa. Mjerumani aliweka chuma kwa sababu ya mchwa. Weka mti huku kwetu, baada ya misimu michache unaokota unga.

Chungwa Tamu

Shikamoo mzee wangu. Basi babu hakuwa amekosea. Alichokiona ni kubadilishwa kwa chuma.

Genge la Nne

Marahaba mwanangu. Babu yako aliona alichokiona.

Mtaita

Salamu kutoka Voi. Nimefuata uzi huu kwa sababu reli yenu na yetu ziliwahi kuoana.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Waingereza walitandika reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea magharibi, mwaka 1915 ikafika Maktau, kisha Taveta, na 1916 ikaungana na reli ya Usambara pale Kahe. Ilijengwa haraka, kwa ajili ya kubeba askari, maji na chakula. Kwetu pia kuna njia za mifugo zinazopita chini ya reli kwenye vijidaraja ambavyo mtu mrefu anainama.

Lakini nilichotaka kusema ni hiki. Mleta uzi, fikiria Novemba 1914. Waingereza walishuka Tanga na askari kama 8,000, wengi wao kutoka India. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na kama 1,000 tu, na wengi wao walikuwa juu huko Moshi. Aliwashushaje? Kwa treni. Na njia ya kutoka Moshi kwenda Tanga ilikuwa moja. Maana yake askari wale wote, pamoja na bunduki zao, walipita juu ya daraja lenu usiku na mchana wakielekea kwenye vita. Vita ile ikaamuliwa kwa siku chache, Waingereza wakarudi merikebuni. Daraja linalokatizwa na watoto wa shule lilibeba hayo.

Mtoto wa Relini

Mtaita, nimesoma hii mara tatu. Miaka saba napita pale na sikuwahi kuliwaza.

Na mwaka 1916 mambo yakageuka. Waingereza waliposhuka kwa kufuata reli na mto Pangani, Wajerumani walirudi nyuma wakilipua madaraja na kung'oa reli ili wasifuatwe kwa treni. Korogwe ilitekwa Juni, Tanga Julai. Je, letu lililipuliwa?

Mpima Njia

Ukuta utakuambia. Baruti ikiwekwa kwenye daraja dogo, lengo huwa ni kuvunja kuta, maana boriti fupi inarudishwa kwa siku moja. Kama mawe ya juu ni ya rangi na mchongo tofauti na ya chini, au kuna mstari ambapo chokaa inaishia na saruji inaanzia, basi ukuta ulijengwa upya kuanzia hapo. Kama ni kazi moja toka chini hadi juu, lilinusurika.

Msafiri wa Dar

Wakuu mnaongelea historia wakati treni imesharudi! Desemba 2019 abiria walianza tena kwenda Moshi na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Daraja lenu liko kazini, litavunjwaje?

Genge la Nne

Mwanangu, hapo rekebisha kidogo. Treni ya abiria ya Dar kwenda Moshi na Arusha haipiti Muheza. Inatoka Ruvu, inafuata ile njia ya kilomita 188 iliyofunguliwa 1963 kuunganisha reli ya kati na ya Tanga, na inaingia kwenye njia yetu karibu na Mnyusi, kisha inakwenda Korogwe. Muheza iko upande wa pili, wa baharini. Kinachopita juu ya daraja hilo sasa ni mizigo ya Tanga. Ile treni ya mizigo ya Julai 2019 iliyotoka Tanga kwenda Moshi, hiyo ndiyo ilipita. Niliambiwa inakuja, nikakaa nje tangu alfajiri. Nilikuwa sijasikia mlio ule kwa miaka mingi mno.

Mtoto wa Relini

Mzee wetu, na sisi pia. Miaka ile njia ilipokufa majani yalifunika tuta, vijana wakawa wanang'oa mataruma kuuza chuma chakavu. Siku moja nilikuta pale darajani mawili hayapo, unaona shimo. Mama alitukataza kupita juu ya reli tangu siku hiyo.

Kamanda wa Durham

Niko Marekani, North Carolina, mji wa Durham. Hapa kuna daraja la reli juu ya barabara lililojengwa 1940, uwazi wake ulikuwa mita 3.56. Malori yaligonga kila mara mpaka likawa maarufu dunia nzima, maana kuna mtu ameweka kamera tangu 2008. Wameweka taa, mabango, na boriti ya kinga mbele ili lori ligonge hiyo badala ya daraja. Barabara haikuweza kuchimbwa chini kwa sababu kuna bomba kuu la maji machafu. Oktoba 2019 wakaliinua kwa takriban sentimita 20. Bado linagongwa.

Ninachotaka kusema: kabla hamjakubali livunjwe, ombeni boriti ya kinga kwanza, hatua chache kabla ya daraja pande zote mbili. Kipande cha reli kuukuu na nguzo mbili zinatosha.

Mpima Njia

Naunga mkono. Na kalvati la zege si lazima liwe suluhisho, kwa sababu likiwekwa ndani ya uwazi uleule, njia inakuwa nyembamba na fupi zaidi. Fuso halitapita kabisa.

Watu wanauliza kwa nini uwazi ulijengwa mfupi. Tazameni nani alikuwa anapita mwaka 1900. Gari hapakuwa. Mkokoteni wa ng'ombe huku ulikuwa adimu kwa sababu ya ndorobo, mifugo ilikuwa inakufa. Mizigo ilisafiri kwenye vichwa na mabega ya wapagazi. Mjenzi alipima mtu mwenye mzigo kichwani, akaongeza nafasi kidogo, akaridhika. Kile kimo tunachokilaumu leo ni kipimo cha mpagazi.

Bint Pongwe

Hapo mwisho umenigusa kaka. Kipimo cha mpagazi. Kumbe ni njia yao, reli ndiyo iliyowakuta.

Mtoto wa Relini

Wakuu, nimerudi. Nilikwenda kijijini Ijumaa nikakaa siku tatu. Nilichukua futi kamba, chaki, na ufunguo wa kukwangulia kama nilivyoelekezwa. Mzee wa Genge la Nne tulikutana ana kwa ana, alikuja na mjukuu wake kwa bodaboda, na alileta nyundo yake mwenyewe.

Kuta ni za chokaa toka chini hadi juu. Nimekwangua sehemu kumi na moja, pande zote mbili, na kila mahali unga ni mweupe. Mawe ni ya aina moja, hakuna mstari wala mshono. Saruji ipo sehemu chache tu za kuziba, na mzee anazikumbuka, yeye na wenzake ndio waliozipaka. Kwa hiyo baruti ya 1916 haikuzigusa kuta hizi.

Kuhusu chuma, nilipanda. Kwenye kila jiwe la kubebea kuna kalio lingine la zamani, kwa ndani zaidi, limezibwa zege. Maboriti ya mwanzo yalikuwa yamekaribiana kuliko haya ya sasa. Babu yake Chungwa Tamu aliona kweli. Haya ya sasa ni ya ribiti, na mzee aligonga zote za upande wa mashambani, palipogongwa na Fuso. Aliweka kidole changu mwenyewe nisikie. Tatu zinatetemeka. Tumeziwekea chaki, na Jumatatu alinipeleka kwa kijana anayesimamia genge la sasa, naye akaja kuziangalia na kuziandika kwenye daftari lake. Habari za kalvati alisema hajaletewa. Wazo la boriti ya kinga ameliandika pia.

Kitu kimoja sikukitegemea. Pembe ya ukuta wa kulia, ukitokea mashambani, mawe yamelainika kabisa, yanateleza kama jiwe la kunolea. Ni kwenye kimo cha bega tu, juu na chini mawe bado yana makali. Nilisimama pale asubuhi nikaona sababu. Njia inapinda kabla ya kuingia chini ya daraja, na kina mama wakikutana wawili wenye mizigo, mmoja anajibanza kwenye pembe ile kumpisha mwenzake. Nimeipiga picha, na nimeipima: kutoka ardhini hadi katikati ya ulaini ni sentimita 128.

Picha zote nitazipandisha kesho nikipata mtandao mzuri. Upande wa Tanga wa tuta sikuumaliza, nyasi ni ndefu na palikuwa na nyoka. Nitarudi na panga baada ya mvua.